Fistula: Safari Ndefu ya Kuziba Tundu Dogo

Leo tutatazama nyuma kidogo, tujue matibabu ya fistula, ambayo wengine huiita nasuri, yametoka wapi. Huu si ugonjwa wa kila nyumba. Huenda umekutana na mama mwenye fistula bila kujua, kwa sababu mara nyingi yeye hukaa mbali na watu.

Kwanza, fistula ya uzazi ni nini? Mama anaposhikwa na uchungu na mtoto akakwama, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu cha mkojo kwenye mfupa wa nyonga. Uchungu ukiendelea siku moja, mbili au tatu bila msaada, damu haifiki tena mahali pale. Nyama hufa, na baada ya siku chache hubanduka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke. Kuanzia hapo mkojo hutoka wenyewe, usiku na mchana. Wakati mwingine tundu huwa upande wa njia ya haja kubwa. Mara nyingi mtoto naye huwa amefariki. Hii si laana wala kurogwa, na haisababishwi na uzinzi. Ni jeraha la kuchelewa kupata msaada.

Jeraha hili ni la zamani sana. Huko Misri, maiti iliyokaushwa ya Henhenit, mwanamke wa nyumba ya mfalme aliyeishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ilipochunguzwa, ripoti ya mwaka 1935 ilisema ana tundu kubwa la namna hii. Hata kuishi kwa mfalme hakukumwokoa.

Kwa karne nyingi matibabu yalishindikana. Kisha kati ya mwaka 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, nchini Marekani, daktari James Marion Sims alijaribu kuziba matundu haya kwa kupitia ukeni, bila kupasua tumbo. Alitumia kijiko kilichopindwa ili aone ndani, na mwishowe akashona kwa uzi wa fedha. Lakini sharti tuseme ukweli wote. Wanawake aliowapasua walikuwa watumwa, ambao hawakuwa na uwezo wa kukataa. Tunayajua majina ya watatu: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alipasuliwa mara 30 hivi, bila dawa ya usingizi. Mwaka 2018 sanamu ya Sims iliondolewa katika bustani ya Central Park mjini New York. Kila mama anayetibiwa leo ana deni kwa wanawake wale watatu.

Baadaye Ulaya na Marekani zilipata hospitali za kujifungulia na upasuaji wa haraka, na fistula ikatoweka huko. Afrika ikabaki nayo. Mwaka 1959 madaktari wawili, Reginald Hamlin na mkewe Catherine, walifika Addis Ababa, Ethiopia. Mwaka 1974 wakaanzisha hospitali ya fistula peke yake. Mmoja wa wagonjwa wao, Mamitu Gashe, hakuwa amesoma shule. Baada ya kutibiwa alibaki kusaidia thieta, akafundishwa, na mwishowe akawa mpasuaji hodari aliyewafundisha madaktari wengine. Mama Catherine alifariki mwaka 2020.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Huko kaskazini mwa Nigeria, daktari Kees Waaldijk aliona kwamba madaktari walikuwa wakimwambia mama mwenye tundu jipya arudi nyumbani, asubiri miezi mitatu ndipo apasuliwe. Miezi hiyo mitatu ndiyo iliyovunja ndoa na kumtenga mama na watu. Yeye hakusubiri. Tundu likiwa dogo, alimwekea mama mpira wa mkojo, kibofu kikakaa kitupu, na mengine yakajiziba yenyewe bila kisu. Makubwa zaidi aliyashona mapema. Mwaka 2004 alitoa taarifa ya akina mama 1,716 waliofika kati ya siku ya 3 na ya 75 baada ya kujifungua. Kati yao, 1,633 walizibwa mara ya kwanza.

Hata baada ya kushonwa, mama alikuwa akilazwa na mpira kwa wiki mbili au zaidi. Utafiti uliotolewa mwaka 2015, uliofanywa katika nchi nane, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba kwa fistula rahisi siku 7 zinatosha. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri siku 7 hadi 10. Maana yake mama hurudi kwa watoto wake mapema, na kitanda humpata mwingine.

Na kwetu je? Miaka ya 1990 madaktari wa AMREF walisafiri kwa ndege ndogo hadi hospitali za mbali ili kushona fistula. Mwaka 2004 daktari Hillary Mabeya alieleza hali ya akina mama wenye fistula katika hospitali za mashambani za Pokot Magharibi, jirani zetu wa Kitale. Baadaye alianzisha hospitali ya Gynocare mjini Eldoret, inayotibu fistula. Kutoka Kitale hadi Eldoret ni kilomita 70 hivi.

Basi, msomaji, historia hii yatufunza nini? Kwamba tiba imezidi kuwa nyepesi, lakini wepesi wake ni wa anayewahi. Mpira wa mkojo husaidia tundu likiwa bichi. Ukilificha mwaka mzima, mpira peke yake hautoshi tena. Hata hivyo usikate tamaa. Aliyeishi na fistula miaka 20 bado anaweza kushonwa, na mara nyingi kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, bila kupasuliwa tumbo.

Kwa hivyo, ukijifungua kwa shida na mkojo ukaanza kuvuja, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Kunywa maji kwa wingi. Usijinyime maji ukidhani mkojo utapungua. Ukishonwa, subiri daktari akuruhusu kabla ya kukutana na mumeo, na mimba inayofuata ujifungulie hospitali, kwa upasuaji. Nanyi akina baba na mama wakwe, mama akishinda na uchungu usiku kucha, msingoje mapambazuko ya pili. Tafuteni gari.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie jirani yako aliyejifungia ndani kwamba dawa ipo.