Kabla ya Taa ya UV, Kulikuwa na Mchanga

Wiki tatu zilizopita tangi langu la samaki liligeuka kijani. Si kijani ya mimea, hapana. Kijani ya supu ya mboga. Lita 90 za maji, mimea haionekani, na samaki naamini tu wako mahali humo ndani. Nikauliza mtandaoni, karibu kila mtu akanijibu kitu kimoja: nunua taa ya UV, hiyo maneno iishe.

Nilikuwa karibu kulipa. Lakini wikendi hiyo nikapanda matatu kutoka Wote kwenda Kitui kumsalimia susu. Nikamweleza shida yangu. Akacheka, halafu akaniuliza: "Kwa hivyo samaki wako wananunuliwa taa ya kusafisha maji, na mimi huku nachemsha yangu kwa kuni?"

Wasee, sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma historia ya hii taa. Na venye nilisoma, ndivyo nilivyozidi kumwelewa susu.

Tuanze na kitu Wakamba wamefanya tangu zamani. Mto Tiva ukikauka, unachimba shimo kwenye mchanga. Maji ya kwanza huwa machafu, unayateka na kumwaga. Unangoja. Yanayotiririka baadaye ni maangavu, juu yamepita kwenye mchanga. Hiyo ni filta, hata kama hakuna mtu aliyeiita hivyo.

Wazungu nao waliifikia njia hiyo hiyo. Mwaka 1829 James Simpson alijenga filta ya mchanga London, ya kuchuja maji ya mto Thames. Halafu mwaka 1892 kipindupindu kikaingia Hamburg, Ujerumani. Zaidi ya watu 8,000 wakafa. Jirani yake, mji wa Altona, ulikuwa unachota maji kwenye mto ule ule wa Elbe, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulikuwa unapita. Altona iliponea kwa kiasi kikubwa. Tofauti? Altona ilichuja maji kwa mchanga. Hamburg haikuchuja.

Mwanga ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Downes na Blunt, walionyesha kwamba jua huzuia bakteria kukua. Baadaye taa za zebaki zikatengenezwa, zinazotoa miale ya urujuanimno, ndiyo hiyo UV. Mwaka 1910 mji wa Marseille, Ufaransa, ukajaribu kusafisha maji ya kunywa kwa taa hizo. Ilifanya kazi, lakini taa zilikuwa ghali na zilisumbua. Klorini ilikuwa rahisi zaidi, ikashinda kwa miaka mingi.

Sasa sikia jambo ambalo muuzaji hakuambii. Miale ya UV huharibu DNA ya kiumbe kidogo ndiyo kisiweze kuzaana. Lakini lazima imfikie. Maji yakiwa na tope, vijidudu vinajificha nyuma ya chembechembe kama mtu anayejificha jua chini ya mwembe. Kwa hivyo taa haichukui kazi ya filta. Inakuja baada ya filta.

Hii imeonekana hapa hapa Kenya. Miaka ya 1990, watafiti wakiongozwa na Ronan Conroy walifanya jaribio na watoto Wamaasai: jaza maji kwenye chupa ya plastiki, iweke juu ya paa juani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Kuhara kulipungua, ingawa hakukuisha. Na utafiti wa wenzake ukaonyesha kwamba maji yakiwa na tope jingi, joto ndilo linalofanya kazi kubwa, si mwanga. Ndiyo maana leo ukifundishwa njia ya chupa unaambiwa: maji yawe maangavu kwanza, halafu saa 6 juani, au siku 2 kukiwa na mawingu.

Basi rudi kwenye tangi langu. Taa ya UV ingesaidia? Ndiyo, maji ya kijani ni mwani unaoelea, na mwani unaoelea ukipita kwenye taa unakufa. Kwa tangi kama langu hata wati 5 zinatosha, bora pampu isisukume maji mbio sana, maana kinachoua ni nguvu ya mwanga mara muda. Lakini mwani ulioshika kwenye majani na kioo hauguswi, kwa sababu haupiti kwenye taa. Ile mbolea ya chuma ya mimea, UV huivunja pia. Balbu hupungua nguvu hata kama bado inawaka, kwa hivyo inabadilishwa baada ya mwaka mmoja hivi. Na usiiangalie kwa macho, hata kidogo.

Na chanzo? Tangi langu lilikuwa dirishani, linapigwa na jua la Makueni kutoka asubuhi, na mimi nalisha samaki kama wanajiandaa kwa harusi. Hiyo taa haingerekebisha. Nimelisogeza, nimepunguza chakula, nimebadilisha maji kidogo kidogo na kuosha filta. Siku ya kumi nikaona mimea tena.

Sasa hii ndiyo sehemu inanikera. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni, na kikundi hicho kikaja kujenga mabwawa ya mchanga. Huko Kitui, shirika la SASOL likajenga mengine mamia kuanzia miaka ya 1990. Ukuta unazuia mchanga mtoni, mchanga unahifadhi maji, jua haliyafikii, na yanachujika yakiwa chini. Wanakijiji walibeba mawe kwa mikono. Halafu malori yanakuja usiku kubeba mchanga huo kwenda kujenga nyumba mjini. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, lakini sheria bila majirani wa kuilinda ni karatasi.

Maoni yangu ni haya: mchanga ukiondoka, umeondoa hatua ya kwanza, na hakuna taa itakayoziba hilo pengo. Hata maji ya mchangani bado yanahitaji kuchemshwa au klorini, kwa sababu ng'ombe nao wanakunywa kwenye shimo hilo hilo. Lakini ukianza na maji maangavu, hatua ya pili inakuwa rahisi na ya bei ya chini.

Pesa ya taa sikuinunulia taa. Nimemnunulia susu mitungi miwili yenye vifuniko na dawa ya maji ya miezi kadhaa. Samaki hawajalalamika.

Kwenu je, mto bado una mchanga? Niambie.