Patel hakuwa Patel tangu jadi

Uzi mfupi, wadau. Mjadala wa makabila ukichacha, lazima mtu aseme "sisi tumekuwa hivi tangu zamani". Hebu tuangalie Gujarat, India.

Akina Patel wengi wa Kenya asili yao ni huko, hasa Charotar, wilaya ya Kheda. Mababu zao waliitwa Kanbi, yaani wakulima tu, na kwenye ngazi za matabaka ya Kihindu hawakuwa juu. Lakini baadhi yao walikuwa wakuu wa vijiji, wanakusanya kodi ya ardhi. Cheo hicho ndicho patel. Wenye mashamba wakaanza kujiita Patidar, wenye vipande vya ardhi, na kuiga wakubwa: mjane kuolewa tena ikawa aibu, mahari ikapanda (huko baba wa binti ndiye hulipa, si kama kwetu). Sensa ya 1931 ikawaandika Patidar rasmi.

Sasa hapa ndio kuna mambo. 2015 walijaa Ahmedabad wakidai waorodheshwe kama jamii iliyoachwa nyuma, wapate nafasi za vyuo na kazi za serikali. Vurugu zikazuka, watu wakafa. Wajukuu wa waliopigania kupanda wanaomba kushushwa! Na si wazimu: mashamba yamegawanywa hadi yakawa madogo, kazi hakuna.

Kenya nayo, 2017, serikali ikatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kabila la 44. Patel, Singasinga, Ismaili, kapu moja, watu ambao kule India wasingeandikwa mstari mmoja.