Walt Disney World

Walt Disney World ni eneo kubwa la burudani na mapumziko lililopo kusini-magharibi mwa jiji la Orlando, katika jimbo la Florida, nchini Marekani. Lilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 na linamilikiwa na kampuni ya Walt Disney. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 100, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya kisiwa cha Pemba.

Watu wengi hudhani kuwa Walt Disney World ni bustani moja yenye kasri katikati. Kwa kweli kasri hilo limo katika bustani moja tu kati ya nne. Eneo lote lina bustani nne kuu, bustani mbili za maji, hoteli zaidi ya ishirini, mtaa wa maduka, viwanja vya michezo, barabara, mabwawa na vyombo vya usafiri vya aina mbalimbali. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kulifikiria kama mji kuliko kama bustani.

Tofauti na Disneyland

Walt Disney World haipaswi kuchanganywa na Disneyland, iliyopo Anaheim katika jimbo la California, upande wa pili wa Marekani. Disneyland ndiyo ya kwanza. Ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955, wakati Walt Disney mwenyewe akiwa hai. Ni ndogo kuliko ile ya Florida kwa mbali sana.

Historia

Baada ya Disneyland kufanikiwa, wafanyabiashara wengine walijenga hoteli na maduka hadi kwenye mipaka yake. Walt Disney hakupendezwa na hali hiyo, na safari ya pili alitaka ardhi kubwa ambayo angeweza kuipanga yote mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni yake ilianza kununua mashamba na maeneo ya kinamasi huko Florida. Ilitumia makampuni yenye majina mengine ili wauzaji wasimjue mnunuzi na kupandisha bei. Siri hiyo ilifichuliwa na gazeti la Orlando mnamo Oktoba 1965, na bei ya ardhi ya jirani ikapanda mara moja. Wakati huo sehemu kubwa ya ardhi iliyohitajika ilikuwa imekwisha kununuliwa.

Walt Disney alifariki tarehe 15 Desemba 1966, kabla ya ujenzi kuanza. Kaka yake, Roy O. Disney, aliahirisha kustaafu ili asimamie kazi hiyo. Alishuhudia ufunguzi wa mwaka 1971, akafariki mwezi Desemba mwaka huohuo.

Bustani nne kuu

Kila bustani ina lango lake, maegesho yake na saa zake za kufungua. Tiketi ya kawaida humruhusu mgeni kuingia bustani moja tu kwa siku. Anayetaka kuingia zaidi ya moja hulipa nyongeza.

Magic Kingdom (1971) ndiyo ya zamani kuliko zote, na mara nyingi huongoza katika orodha ya bustani zenye wageni wengi zaidi duniani. Alama yake ni kasri la Cinderella, lenye urefu wa mita 58 hivi. Bustani imegawanywa katika sehemu sita, kila moja ikiwa na mandhari yake: barabara ya mji mdogo wa Marekani wa zamani, nchi za hekaya, nchi za mbali, enzi ya ukoloni wa Marekani, mipaka ya magharibi na ulimwengu wa kesho.

EPCOT (1982) ilianza kama wazo la mji halisi. Jina lake ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya “jumuiya ya mfano, ya majaribio, ya kesho”. Walt Disney alikusudia wakazi wapatao 20,000 waishi humo na kujaribu teknolojia mpya. Baada ya kifo chake mpango wa mji uliachwa, na jina likapewa bustani ya maonyesho. Alama yake ni tufe kubwa lenye urefu wa mita 55 hivi. Upande mmoja unahusu sayansi na teknolojia. Upande mwingine una mabanda ya nchi 11 yaliyojengwa kuzunguka ziwa: Meksiko, Norwei, China, Ujerumani, Italia, Marekani, Japani, Moroko, Ufaransa, Uingereza na Kanada. Moroko ndiyo nchi pekee ya Afrika yenye banda. Banda la Afrika ya ikweta lilitangazwa zamani, lakini halikujengwa.

Disney's Hollywood Studios (1989) inahusu filamu na televisheni. Hadi mwaka 2008 iliitwa Disney-MGM Studios. Tangu mwaka 2019 ina sehemu kubwa inayohusu filamu za Star Wars.

Disney's Animal Kingdom (1998) ndiyo kubwa kuliko nyingine zote kwa eneo. Inaunganisha michezo ya bustani na ufugaji wa wanyama hai wa porini. Katikati yake umesimama mti wa kutengenezwa wenye urefu wa mita 44 hivi, uliochongwa picha za wanyama zaidi ya 300 kwenye shina na mizizi.

Bustani za maji

Typhoon Lagoon (1989) na Blizzard Beach (1995) zina mabwawa ya kuogelea na mifereji ya kuteleza. Ya kwanza imejengwa kama kijiji kilichopigwa na tufani, chenye meli iliyokwama juu ya mlima. Ya pili ni kama kituo cha michezo ya theluji ambayo imeyeyuka. Mara nyingi moja hufungwa kwa matengenezo wakati nyingine inafanya kazi.

Hoteli, maduka na michezo

Hoteli za kampuni hupangwa katika madaraja matatu kulingana na bei: nafuu, ya kati na ya juu. Mbili za kwanza, Contemporary na Polynesian, zilifunguliwa pamoja na Magic Kingdom. Upo pia uwanja wa kupiga kambi wenye mahema na vibanda vya mbao.

Disney Springs ni mtaa wa maduka, migahawa na kumbi za burudani. Ulianza mwaka 1975 kwa jina lingine na kupata jina la sasa mwaka 2015. Kuingia humo hakuna kiingilio. Upo pia mkusanyiko wa viwanja vya michezo uliofunguliwa mwaka 1997, ambako mashindano ya riadha, mpira na michezo mingine hufanyika.

Usafiri

Sehemu hizi zipo mbalimbali, na nyingi haziwezi kufikiwa kwa miguu kutoka moja hadi nyingine. Mgeni asiyelijua hilo hupoteza saa nyingi za siku aliyoilipia.

- Treni ya reli moja inayopita juu ya nguzo huunganisha Magic Kingdom, EPCOT na baadhi ya hoteli. Hupita ndani ya jengo la hoteli ya Contemporary.
- Vivuko na mashua husafiri katika mabwawa na mifereji.
- Vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, vilivyoanza Septemba 2019, huunganisha EPCOT, Hollywood Studios na hoteli kadhaa.
- Mabasi hufika karibu kila mahali, na ndiyo njia ya kawaida ya kwenda Animal Kingdom.

Maegesho ya Magic Kingdom yapo ng'ambo ya bwawa kubwa la kuchimbwa. Anayefika kwa gari huliacha hapo, kisha hupanda kivuko au treni hadi kwenye lango la bustani.

Sehemu zisizoonekana

Chini ya Magic Kingdom kuna njia ndefu ambazo wafanyakazi huzitumia kupita, kubeba bidhaa na kubadilisha mavazi. Kwa kuwa ardhi ya Florida ina maji karibu na uso wake, njia hizo hazikuchimbwa. Zilijengwa juu ya ardhi ya kawaida, kisha zikafunikwa kwa udongo uliotolewa kwenye bwawa. Kwa hiyo mgeni anayetembea Magic Kingdom yupo kwenye ghorofa ya pili bila kujua. Taka za bustani hiyo huvutwa kwa hewa ndani ya mabomba hadi mahali pa kukusanyia.

Utawala

Mwaka 1967 bunge la Florida liliunda mamlaka maalumu ya mahali hapo, iliyoitwa Reedy Creek. Iliipa kampuni uwezo unaofanana na wa serikali za mitaa: kujenga barabara na mifereji, kuweka kanuni za ujenzi, kuendesha kikosi cha zimamoto na kutoza kodi ya ardhi. Sheria iliruhusu hata kujenga kiwanja cha ndege na kituo cha umeme wa nyuklia, ingawa kituo hicho hakikujengwa kamwe.

Mwaka 2022 kampuni ilipinga hadharani sheria ya jimbo kuhusu mafundisho ya jinsia shuleni. Ulitokea mgogoro kati yake na Gavana Ron DeSantis. Mwaka 2023 mamlaka ilipewa jina jipya, na wajumbe wa bodi yake wakaanza kuteuliwa na gavana. Wafuasi wa hatua hiyo walisema inaondoa upendeleo kwa kampuni moja; wapinzani walisema ni adhabu kwa kutoa maoni. Kesi za mahakama za jimbo zilimalizwa kwa makubaliano mwezi Machi 2024.

Kiswahili katika Animal Kingdom

Sehemu ya Afrika ya bustani hii imejengwa kama mji wa bandari wa pwani ya Afrika Mashariki, unaoitwa Harambe. Mji huo ni wa kubuniwa na haupo kwenye ramani. Jina linatokana na “harambee”, wito wa kufanya kazi kwa pamoja ulio pia katika nembo ya taifa ya Kenya, lakini limeandikwa kwa “e” moja. Majengo yake yaliigwa hasa kutoka mji wa Lamu. Kutoka hapo wageni hupanda malori ya wazi katika safari iliyopewa jina la Kilimanjaro, wakaona twiga, tembo, simba na viboko.

Hoteli ya jirani, iliyofunguliwa mwaka 2001, ina majengo yanayoitwa Jambo na Kidani, na migahawa inayoitwa Boma, Jiko na Sanaa. Kwa njia hii wageni wengi husikia maneno ya Kiswahili kwa mara ya kwanza wakiwa Florida. Mwanafunzi akumbuke, hata hivyo, kwamba Harambe ni mandhari ya maonyesho: inachanganya mambo ya sehemu mbalimbali, na haiwezi kutumiwa kama ushahidi wa historia ya pwani. Lamu yenyewe ipo, na mji wake mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001.