Mwanafunzi Mtu Mzima Kama Mwamuzi: Ushirikiano wa Ulaya katika Elimu ya Watu Wazima na Vijana Mkoani Morogoro, 1950–2021

1. Utangulizi

Katika nyaraka za miradi ya elimu, watu wanaofundishwa huitwa "walengwa". Neno hili limezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuhojiwa. Mlengwa ni mtu anayeelekezewa kitu. Hatarajiwi kuwa na lengo lake mwenyewe. Sehemu kubwa ya historia ya elimu ya watu wazima nchini Tanzania imeandikwa kwa mtazamo huohuo: wazo lilitoka nje au wizarani, fedha zikatolewa, chuo kikafunguliwa, na mwishoni tathmini ikaeleza kama mradi ulifaulu au ulishindwa. Anayekosekana katika simulizi hiyo ni mtu aliyeketi darasani, au aliyekataa kuketi.

Insha hii inachunguza miradi ya elimu ya watu wazima na vijana iliyopata msaada wa nchi za Ulaya katika mji wa Morogoro na Milima ya Uluguru. Hoja ya msingi ni kwamba hatima ya miradi hiyo haikuamuliwa na aliyeianzisha wala aliyeigharimia peke yake. Wanafunzi wenyewe waliipima kwa vigezo vyao: je, mafunzo haya yanaongeza mavuno, yanaleta bei nzuri, yanatambuliwa ninapokwenda kutafuta kazi? Pale ambapo jibu lilikuwa hapana, walijiondoa, walipinga, au waliugeuza mradi ukawa kitu kingine. Kwa hiyo, mabadiliko ambayo watafiti kadhaa wameyaita kushindwa kwa wazo la awali yanaweza kusomwa upya kama uamuzi wa wanafunzi.

2. Somo la Matuta, 1950–1955

Mjadala hauna budi kuanzia kabla ya uhuru. Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, ulioanzishwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza mwaka 1950, haukuwa mradi wa ushirikiano hata kidogo. Hata hivyo, ulikuwa jaribio kubwa la mamlaka ya Kizungu kuwafundisha watu wazima wa Uluguru kilimo, na kumbukumbu yake ilibaki milimani. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko na kuacha kuchoma mashamba ili kuzuia mmomonyoko wa udongo na kulinda vyanzo vya mito inayoteremka kwenda tambarare.

Lengo hilo halikuwa baya. Tatizo lilikuwa katika somo lenyewe. Katika maeneo mengi uchimbaji wa matuta ulifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuufunua udongo wa chini usio na rutuba, hivyo mkulima aliyetii aliweza kuvuna kidogo kuliko yule aliyekaidi. Aidha, ardhi ya Waluguru ilikuwa mali ya ukoo, na urithi wake ulifuata upande wa mama. Aliyelima shamba la ukoo mwingine kwa ruhusa hakuwa na haki ya kupanda miti ya kudumu, kwa kuwa kufanya hivyo kulihesabiwa kuwa ni kudai umiliki. Wakulima wengi wakahofu kwamba kazi hiyo ya kudumu katika ardhi ingebadilisha haki zilizokuwapo.

Mwezi Julai 1955 upinzani ulilipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke, waliochapisha utafiti wao kuhusu ardhi na siasa za Waluguru mwaka 1960, waliliona tukio hilo hasa kama suala la mamlaka na siasa. Katika insha hii linasomwa pia kama tukio la elimu. Waluguru hawakukataa kujifunza. Walikataa somo ambalo matokeo yake shambani walikuwa wameshayaona.

3. Chuo Bila Cheti: Wazo la Kinordiki, Bigwa na Kwingineko

Baada ya uhuru, elimu ya watu wazima ilipewa nafasi ya kipekee. Mwalimu Nyerere alieleza mapema kwamba taifa lisingeweza kuwasubiri watoto wakue, kwa kuwa maendeleo ya miaka ya karibuni yangetegemea watu wazima waliokuwapo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni ya afya ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, iliyotumia redio na vikundi vya kujisomea na kupata msaada wa Uswidi, iliwafikia watu wapatao milioni 2. Kiwango cha watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, kilichokadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 60 wakati wa sensa ya mwaka 1967, kilitangazwa kuwa asilimia 39 baada ya mtihani wa taifa wa mwaka 1975.

Swali lililofuata lilikuwa: aliyekwisha kusoma na kuandika aendelee wapi? Jibu lilitafutwa katika nchi za Nordiki. Shule za wananchi zilianza Denmark mwaka 1844, kwa fikra za N. F. S. Grundtvig, na kufika Uswidi mwaka 1868. Zilikuwa shule za bweni za vijana na watu wazima wa vijijini, zisizoongozwa na mitihani. Kuanzia mwaka 1975 Tanzania ilifungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Uswidi, vingi katika majengo ya vituo vya mafunzo ya vijijini vilivyokuwapo, hadi vikazidi 50 nchini. Mkoa wa Morogoro ulipata vyuo vyake, kikiwamo cha Bigwa, chini ya Milima ya Uluguru, na cha Kilosa. Wakuu na wakufunzi kadhaa wa vyuo hivyo walipata mafunzo Linköping, na baadhi ya vyuo vikajenga urafiki na shule za wananchi za Uswidi.

Utaratibu wa awali ulikuwa wazi. Kijiji kilimchagua mtu, kikampeleka chuoni kujifunza kilimo, useremala, uashi, ushonaji, maarifa ya nyumbani, utamaduni na siasa, kisha mtu huyo akarudi kukitumikia kijiji. Cheti hakikuhitajika, kwa kuwa waliomtuma walimjua na wangeiona kazi yake. Kutokuwapo kwa cheti kulikuwa sehemu ya falsafa: elimu isimwondoe mtu kijijini.

Utaratibu huo ulitegemea jambo moja ambalo halikudumu, nalo ni kijiji chenye uwezo wa kumtuma mtu na kumpa kazi anaporudi. Mageuzi ya uchumi ya katikati ya miaka ya 1980 yalidhoofisha vijiji vya ujamaa na kupunguza fedha za umma. Mwaka 1990 vyuo vilihamishiwa wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii. Msaada wa Uswidi ukapungua katika muongo huo, na Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994 ikaweka mfumo wa kitaifa wa VETA wenye mitihani na vyeti. Kijana aliyemaliza darasa la saba sasa alikuja chuoni kwa ada ya wazazi wake, na mbele yake hapakuwa na kijiji kinachomsubiri. Palikuwa na karakana ya mjini ambayo mwenyewe hamjui. Huyu alihitaji karatasi ya kumthibitisha. Taratibu, kozi ndefu za ufundi zenye vyeti zikachukua nafasi kubwa kuliko kozi fupi za watu wazima.

Alan Rogers, katika makala yake ya mwaka 2000, aliitumia historia ya vyuo hivi kuonyesha ugumu wa kuhamisha utamaduni wa elimu kutoka nchi moja hadi nyingine: shule zilizozaliwa ndani ya harakati za wananchi huko Nordiki ziligeuka taasisi za serikali zilipofika Tanzania. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, inaacha jambo moja pembeni. Kama tutapima kwa uaminifu kwa wazo la asili, basi kuelekea kwenye vyeti ni kupotea njia. Tukipima kwa mahitaji ya wanafunzi, huenda ndiyo mara ya kwanza vyuo hivyo viliongozwa na wale waliosoma humo.

4. Mazimbu: Shule ya Ukombozi na Mtihani wa London

Suala la cheti halikuwa la vyuo vya wananchi peke yake. Upande mwingine wa mji wa Morogoro, katika shamba la zamani la mkonge la Mazimbu, serikali ya Tanzania iliwapa ANC ardhi mwaka 1977 kwa ajili ya vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya maasi ya Soweto ya mwaka 1976. Masomo yalianza mwaka 1978, na shule ikaitwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Nchi za Nordiki, Uholanzi na Ujerumani Mashariki ni miongoni mwa waliochangia fedha, majengo au walimu. Baadaye Norwei ilisaidia pia ujenzi wa kituo cha Dakawa.

Hapa fedha zilitoka Ulaya lakini mtaala haukuamuliwa na wafadhili. ANC iliamua nini kifundishwe, kwa dhamira ya kupinga elimu ya kibaguzi iliyotolewa kwa Waafrika nchini mwao. Historia ya mapambano na kazi za mikono vilipewa nafasi. Pamoja na hayo, wanafunzi wa shule hii ya kimapinduzi walifanya mtihani wa sekondari wa Chuo Kikuu cha London. Sababu yake inaeleweka: mkimbizi aliyetaka kuendelea na masomo katika nchi nyingine alihitaji cheti kinachotambulika huko. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania na kuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mfano wa Mazimbu unaonyesha kwamba kutaka cheti hakukuwa dalili ya uvivu wa fikra wala kasoro ya vijana wa Bigwa. Ni hitaji la mtu yeyote anayekwenda mahali ambapo hajulikani.

5. Pale Ambapo Cheti Hakikuhitajika: Mgeta na MVIWATA

Kinyume chake kinaonekana milimani. Mwaka 1988, kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Sokoine na Norwei, mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei walipelekwa Mgeta. Wakulima walipaswa kujifunza mambo mapya: kujenga banda lililoinuliwa, kukata majani na kumletea mnyama, kutunza kumbukumbu za uzazi, na kunywa maziwa ya mbuzi. Hakuna aliyehitaji cheti cha ufugaji, kwa kuwa uthibitisho ulikuwa katika ndoo ya maziwa, na jirani aliuona. Ufugaji huo uliendelea na kuenea miongoni mwa kaya za huko. Tena, majani ya malisho yakipandwa kwenye kingo za matuta hulisha mbuzi na wakati huohuo hushika udongo. Jambo ambalo amri ya mwaka 1950 ilitaka kulipata kwa nguvu, mfugaji ana sababu yake mwenyewe ya kulifanya.

Mfano wa pili ni Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA, ulioanzishwa mwaka 1993 na wakulima wadogo waliokutana katika Chuo Kikuu cha Sokoine, na ambao makao yake makuu yapo Morogoro. Kaulimbiu yake, "Mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe", ni pia kauli kuhusu elimu. Mkulima hutembelea shamba la mkulima mwenzake, huona, huuliza, kisha hurudi kujaribu. Masoko ya jumla kama lile la Nyandira, yaliyojengwa kwa msaada wa Ufaransa, yaliongeza somo jingine: mizani, taarifa za bei na majadiliano na wachuuzi. Hapa pia msaada wa Ulaya ulikuwapo, lakini uliwakuta watu ambao tayari walikuwa na swali lao.

6. Hitimisho

Ulinganisho huu unatoa kanuni rahisi. Mtu mzima anayebaki mahali anapojulikana hupima elimu kwa matokeo yanayoonekana. Kijana anayelazimika kuondoka huipima kwa kutambulika kwake. Mpango wa matuta ulishindwa kipimo cha kwanza. Vyuo vya wananchi vya awali vilikidhi cha kwanza mradi kijiji kilikuwa imara, kisha vikalazimika kutafuta cha pili.

Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama, na si haki kuificha. Kozi ndefu yenye ada humfaa kijana asiye na familia. Mama anayelima mteremkoni na kulea watoto hupata shida kuiacha kazi kwa miaka miwili. Yeye ndiye aliyepoteza zaidi kozi fupi zilipopungua, na madai ya kuzirejesha ni ya msingi.

Lakini wapo pia wasichana waliokatisha shule kwa sababu ya ujauzito. Hadi serikali ilipotangaza mwezi Novemba 2021 kuwa wanaweza kurudi katika shule za kawaida, mlango huo ulikuwa umefungwa kwao. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi viliwapokea, vikawapa masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na mahali pa kulelea watoto wao wakiwa darasani. Malezi hayo ni urithi wa vyuo tangu zama za kozi fupi za akina mama. Mtihani wa sekondari ni zao la mabadiliko yanayolalamikiwa. Mtafiti anayesikitika kwamba wazo la Grundtvig lilichafuliwa na vyeti anapaswa kwanza kumjibu msichana huyo, ambaye bila cheti hicho angebaki na maarifa yasiyomfungulia mlango wowote. Kabla ya kuuliza kama mradi ulibaki mwaminifu kwa waliouleta, ni vema kuuliza waliosoma humo waliufanya uwe nini, na kwa sababu gani.