Sheria za soka zinazoeleweka vibaya viwanjani

Na Mwandishi Wetu, Ziba

UGOMVI mwingi unaozuka katika viwanja vya soka vya vijijini hautokani na hila za mwamuzi. Hutokana na pande mbili kuamini sheria mbili tofauti, na wakati mwingine hakuna hata moja kati ya hizo iliyomo katika kitabu cha sheria.

Katika kata ya Ziba, wilayani Igunga, mkoani Tabora, kama ilivyo katika maeneo mengi ya vijijini nchini, mashindano ambayo mshindi wake huondoka na mbuzi, ng'ombe au seti ya jezi mara nyingi huchezwa kwenye viwanja visivyo na nyavu. Mistari huchorwa kwa majivu au kwa jembe, na mshika kibendera huweza kuteuliwa miongoni mwa watazamaji. Katika mazingira hayo, sheria isiyofahamika vizuri huweza kumgharimu mwamuzi kipigo, au kuigharimu timu mchezo iliyokwisha kuushinda.

Mashabiki wengi hujifunza soka kwa kusikiliza redio na kwa kutazama mechi katika vibanda umiza. Hata hivyo, watangazaji nao hukosea, na sheria zenyewe hubadilika karibu kila mwaka.

Sheria za soka ni 17. Hutungwa na Bodi ya Kimataifa ya Vyama vya Soka (IFAB), iliyoanzishwa mwaka 1886. Katika bodi hiyo, vyama vinne vya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini vina kura moja moja, na Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) lina kura nne. Mabadiliko hupita yakipata kura sita kati ya nane, na kwa kawaida huanza kutumika Julai 1. Shirikisho la Soka Tanzania (TFF), ambalo hadi mwaka 2004 liliitwa FAT, huzitumia sheria hizo hizo.

Yafuatayo ni mambo ambayo wengi huyaelewa vibaya.

Kuotea si suala la golikipa

Imani iliyoenea ni kwamba mshambuliaji hawezi kuwa ameotea iwapo mbele yake yupo beki mmoja. Sheria haisemi hivyo. Mchezaji aliye katika nusu ya wapinzani huwa katika nafasi ya kuotea iwapo yuko karibu zaidi na mstari wa goli kuliko mpira na pia kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Kwa kawaida mpinzani wa mwisho ni golikipa, ndiyo maana watu huhesabu beki peke yake. Golikipa akitoka langoni, hesabu hubadilika.

Mfano unaokumbukwa barani Afrika ni mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia, Juni 11, 2010, jijini Johannesburg, kati ya Afrika Kusini na Mexico. Carlos Vela wa Mexico alifunga bao likakataliwa, na wengi walishangaa kwa kuwa beki mmoja alikuwa amesimama kwenye mstari wa goli. Golikipa Itumeleng Khune alikuwa ametoka, hivyo mbele ya Vela alibaki mpinzani mmoja badala ya wawili. Uamuzi ulikuwa sahihi.

Aidha, ifahamike kuwa hakuna kuotea mchezaji anapoupokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye kona, goli kiki au mpira wa kurushwa. Bao la Vela lilitokana na kona, lakini mwenzake alikuwa ameugusa mpira kabla haujamfikia, na kuanzia hapo sheria ya kuotea ikaanza kufanya kazi.

Vilevile, mchezaji aliye sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho hajaotea. Nafasi huangaliwa wakati mpira unapopigwa na mwenzake, si wakati anapoupokea. Mshambuliaji anayekimbia kwa kasi huweza kuonekana yuko mbele ya mabeki kwa mita tano anapoupokea mpira, ilhali alikuwa nyuma yao ulipopigwa. Mikono haihesabiwi.

Si kila mpira ulioguswa kwa mkono ni kosa

Sauti ya "amenawa!" husikika kila mpira unapogusa mkono. Sheria huadhibu mambo matatu. Kwanza, kuugusa mpira kwa makusudi. Pili, kuugusa kwa mkono uliotanuliwa na kuufanya mwili kuwa mkubwa isivyo kawaida kwa tendo ambalo mchezaji analifanya. Tatu, kufunga bao moja kwa moja kwa mkono, au mara tu baada ya mpira kugusa mkono wa mfungaji mwenyewe, hata kama ni kwa bahati mbaya. Tangu mwaka 2021, mkono wa mwenzake aliyeguswa na mpira kwa bahati mbaya kabla ya bao haulifuti bao hilo. Mkono nao huanzia usawa wa chini ya kwapa, hivyo mpira uliogusa bega haujanawiwa.

Kuna wanaoamini pia kwamba mpira ukizuiwa kwa mkono kwenye mstari wa goli, mwamuzi anaweza kuhesabu bao. Hawezi. Julai 2, 2010, katika robo fainali ya Kombe la Dunia, Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia kwa mikono mpira wa Ghana uliokuwa ukiingia langoni katika dakika za mwisho za muda wa nyongeza. Alipewa kadi nyekundu, na Ghana ikapewa penalti. Asamoah Gyan aligonga mwamba, mechi ikaisha kwa sare ya bao 1-1, na Uruguay ikashinda kwa penalti 4-2. Wapenzi wengi wa soka Afrika bado wanaona Ghana iliporwa, lakini mwamuzi alitoa adhabu zote ambazo sheria ilimruhusu kutoa.

Hakuna sheria ya "mtu wa mwisho"

Maneno "mtu wa mwisho" hayamo katika kitabu cha sheria. Kilichomo ni kosa la kumnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga. Mwamuzi hupima mambo manne: umbali kutoka golini, mwelekeo wa mchezo, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na mahali walipo mabeki pamoja na idadi yao. Beki anaweza kuwa wa mwisho lakini asistahili kadi nyekundu, kwa kuwa mshambuliaji alikuwa akielekea kwenye kibendera cha kona. Vivyo hivyo, anaweza kuwapo beki mwingine nyuma yake, lakini mbali kiasi cha kutoweza kuzuia lolote, na kadi nyekundu ikatolewa.

Tangu mwaka 2016, beki au golikipa aliyefanya kosa la aina hiyo ndani ya eneo la hatari huku akijaribu kuucheza mpira hupewa kadi ya njano, na wapinzani hupewa penalti. Akivuta jezi, akisukuma, au akicheza rafu bila uwezekano wa kuupata mpira, kadi hubaki nyekundu. Tangu Julai 2024, vivyo hivyo kwa mkono: usio wa makusudi ni njano na penalti, wa makusudi ni nyekundu.

Kugusa mpira kwanza si kinga

"Nimecheza mpira" ni utetezi wa kila beki aliyepulizwa kipyenga. Kuugusa mpira kwanza hakumwondolei mchezaji kosa iwapo ameingia kwa uzembe, kwa kutojali, au kwa nguvu iliyopita kiasi. Anayeruka kwa miguu miwili, akaupata mpira kisha akamvunja mwenzake, anastahili kadi nyekundu.

Mpira wa kurudishiwa golikipa

Tangu mwaka 1992, golikipa haruhusiwi kuushika mpira ambao mwenzake amempigia kwa mguu kwa makusudi. Baadaye katazo hilo likaongezewa mpira wa kurushwa na mwenzake. Mpira uliorudishwa kwa kichwa, kifua au goti bila hila anaruhusiwa kuushika. Pia anaweza kuudaka mpira ambao beki aliukosea na kumponyoka, kwa kuwa haukukusudiwa kumfikia.

Kosa linalozua zogo zaidi ni kudai penalti. Golikipa anaposhika mpira wa kurudishiwa ndani ya eneo lake, adhabu ni mpira usiopigwa golini moja kwa moja. Mpira huo ukiingia bila kuguswa na mchezaji mwingine, bao halihesabiwi, na wapinzani huanza kwa goli kiki.

Golikipa anayekaa na mpira mikononi pia ana sheria mpya. Kuanzia msimu wa 2025/26, akizidisha sekunde nane, wapinzani hupewa kona. Hapo awali kikomo kilikuwa sekunde sita, na adhabu yake ilikuwa nadra kutolewa.

Mpira wote uvuke mstari wote

Bao au mpira kutoka nje huhesabiwa pale tu mpira wote unapouvuka mstari wote, juu au chini. Mpira ulio duara huweza kugusa ardhi nje ya mstari huku sehemu ya ubavu wake ikiwa bado juu ya mstari. Hilo ndilo lililotokea Desemba 1, 2022 nchini Qatar, Kaoru Mitoma wa Japan alipourudisha ndani mpira ulioonekana umetoka. Japan ikafunga na kuishinda Hispania mabao 2-1.

Watanzania wana kumbukumbu yao wenyewe. Aprili 5, 2024, jijini Pretoria, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mtambaa wa panya dhidi ya Mamelodi Sundowns na mpira ukadunda karibu na mstari. Bao halikutolewa, mechi ikaisha 0-0, na Yanga ikatolewa kwa penalti 3-2. Mjadala ulidumu kwa wiki kadhaa, lakini swali la kisheria lilikuwa moja tu: je, mpira wote ulivuka?

Ikiwa swali hilo lilizua mabishano mahali penye picha za video, mwamuzi wa Ziba asiye na wavu nyuma ya goli anastahili msaada. Wavu wa bei nafuu, hata wa kufumwa kwa kamba, humaliza ubishi wa mipira iliyopita pembeni mwa nguzo.

Penalti na muda

Penalti ikipigwa ndani ya muda wa mchezo, mpigaji anaweza kufunga mpira uliopanguliwa na golikipa. Ukirudi kutoka kwenye nguzo au mtambaa wa panya bila kuguswa na golikipa, hawezi kuugusa tena kabla ya mchezaji mwingine. Katika penalti za kuamua mshindi, hakuna kurudia hata golikipa akipangua.

Penalti iliyotolewa muda ukiwa umekwisha lazima ipigwe, na mwamuzi huongeza muda kwa ajili hiyo tu. Aidha, dakika za nyongeza zinazotangazwa ni kiwango cha chini. Mwamuzi anaweza kuziongeza wachezaji wakipoteza muda, lakini hawezi kuzipunguza.

Mwamuzi si nguzo

Wachezaji wa zamani hukumbuka kwamba mpira ukimgonga mwamuzi, mchezo uliendelea kana kwamba umegonga nguzo. Tangu mwaka 2019 hali ni tofauti. Mpira ukimgusa mwamuzi na kuingia golini, au kuhamia timu nyingine, au kuanzisha shambulizi la hatari, mchezo husimamishwa na kuanza upya kwa mpira wa kudondoshwa. Mwaka huo pia wachezaji waliruhusiwa kupokea goli kiki ndani ya eneo lao la hatari.

Kabla ya kipyenga

Sheria zinaruhusu mashindano ya ngazi ya chini, ya vijana na ya maveterani kurekebisha baadhi ya mambo, yakiwamo ukubwa wa kiwanja, urefu wa mchezo, na mchezaji aliyetolewa kurejea uwanjani. Masharti hayo yanapaswa kukubaliwa kabla ya mchezo, si bao linapofungwa.

Vipimo vichache huondoa ubishi mwingi. Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Alama ya penalti iko mita 11 kutoka golini, na wapinzani hukaa mita 9.15 kutoka kwenye mpira wa adhabu, yaani takriban hatua kumi. Timu yenye wachezaji pungufu ya saba haiwezi kuanza wala kuendelea na mchezo.

Hatimaye, mwamuzi anaweza kubadilisha uamuzi wake kabla mchezo haujaanza upya. Ukishaanza, uamuzi kuhusu tukio la uwanjani, likiwamo bao, haurudishwi nyuma. Mwaka 2024, IFAB iliruhusu mashindano kutumia utaratibu wa nahodha peke yake kumkaribia mwamuzi kuomba maelezo. Utaratibu huo hauhitaji vifaa wala fedha, na waandaaji wa michuano ya vijiji wanaweza kuutangaza kwa manahodha kabla ya mechi ya kwanza.