Harufu ya Balungi Katika Bia

Kupika pombe kwa kujificha si mambo ya kwetu tu. Kule Marekani marufuku ya pombe iliondolewa mwaka 1933, sheria ikaruhusu mtu kujitengenezea divai nyumbani, bia ikaachwa nje. Miaka 45 hiyo! Rais Jimmy Carter alitia sahihi ruhusa tarehe 14 Oktoba 1978.

Sasa, hopsi ni yale maua yanayoipa bia uchungu. Ukiyachemsha saa nzima uchungu unaupata, lakini mafuta yenye harufu yanapaa na mvuke. Basi wapishi wa majumbani wakawa wanayatia dakika za mwisho, au wanayatumbukiza makavu kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, ujanja wa zamani wa Waingereza. Aina iitwayo Cascade, iliyotolewa Oregon mwaka 1972, ilinukia balungi. Eti bia inukie matunda!

Ken Grossman alifungua duka la vifaa vya wapishi hao mjini Chico, California, mwaka 1976, sheria bado haijabadilika. Mwaka 1980 akaanza kupika bia ya Cascade katika kiwanda chake, Sierra Nevada. Mapishi kadhaa ya mwanzo hakuyauza. Aliyamwaga.