Ribe, Denmark: Mji Alikofika Mtakatifu Ansgar, na Mambo ya Kuona Karibu Nao

Ribe ndio mji mkongwe kuliko yote nchini Denmark. Uko kusini magharibi mwa rasi ya Jutland, kando ya mto wenye jina hilohilo, kilomita chache kutoka Bahari ya Kaskazini. Wanaakiolojia wameonesha kwamba soko lake lilianza mapema katika karne ya 8, enzi ambapo wafanyabiashara wa kaskazini walileta bidhaa zao kwa merikebu. Kwa mwamini Mkatoliki, Ribe ni zaidi ya mahali pa kutalii. Ni mojawapo ya milango ambayo Injili ilipitia kuingia katika nchi za Skandinavia.

Mtume wa Kaskazini

Mtakatifu Ansgar alizaliwa mwaka 801, akawa mmonaki Mbenedikto katika monasteri ya Corbie nchini Ufaransa. Mwaka 826 alimsindikiza Mfalme Harald Klak, aliyekuwa amebatizwa muda mfupi kabla, kurudi Denmark. Utume huo haukudumu, kwa kuwa mfalme mwenyewe alifukuzwa. Baadaye Ansgar aliwekwa kuwa Askofu Mkuu wa Hamburg. Mwaka 845 Waviking waliuteketeza mji huo pamoja na kanisa lake. Hakukata tamaa. Karibu na mwaka 860 alipata kwa Mfalme Horik wa Pili kibali cha kujenga kanisa mjini Ribe. Alifariki dunia huko Bremen tarehe 3 Februari 865, na siku hiyo ndiyo sikukuu yake.

Kwa macho ya kibinadamu, alivuna kidogo. Denmark ilikuja kuhesabiwa kuwa nchi ya Kikristo karne moja baadaye. Hata hivyo, mwaka 948 Ribe ilikuwa na askofu wake, na uchimbaji karibu na Kanisa Kuu umefichua makaburi ya Kikristo ya karne ya 9. Mbegu ilikuwa imeota, ingawa mpanzi hakuiona ikikomaa.

Kanisa Kuu la Mama Yetu

Ujenzi wa Kanisa Kuu la sasa ulianza katika karne ya 12. Sehemu kubwa ya mawe yake ililetwa kwa njia ya maji kutoka bonde la mto Rhine, Ujerumani. Juu ya mlango wa kusini kuna mchongo wa kale unaoonesha Kristo akishushwa Msalabani. Inafaa kusimama hapo kidogo kabla ya kuingia. Mnara mmoja ulianguka wakati wa Noeli ya mwaka 1283 na kuua watu. Badala yake ulijengwa mnara mpana wa matofali, uliotumika pia kulinda mji. Mgeni anayepanda ngazi zake 248 huona nyanda tambarare hadi baharini. Ndani, sehemu ya altare imepambwa na msanii Carl-Henning Pedersen kwa michoro na vioo vya rangi vya miaka ya 1980.

Si mbali na hapo ipo monasteri ya Wadominikani, waliofika Ribe mwaka 1228, pamoja na Kanisa la Mtakatifu Katarina. Baada ya watawa kuondolewa, nyumba yao ilitumika kuwahudumia wagonjwa na maskini.

Jeraha la mgawanyiko

Mwaka 1536 Mfalme Christian wa Tatu aliifanya Denmark kuwa nchi ya Kilutheri. Maaskofu Wakatoliki waliondolewa na mali ya Kanisa ikatwaliwa na taji. Uhuru wa dini ulirudi kwa Katiba ya mwaka 1849. Leo Wakatoliki ni chini ya asilimia 2 ya wananchi, na nchi nzima ina jimbo moja tu, Jimbo la Copenhagen. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliitembelea Denmark mwezi Juni 1989.

Kwa hiyo Kanisa Kuu la Ribe, lililojengwa na mababu Wakatoliki, leo ni la ndugu zetu Walutheri. Mwamini anaweza kuingia, kusali na kuheshimu ibada inayoendelea. Lakini hashiriki komunyo katika ibada hiyo, kwa sababu umoja kamili wa imani ambao Ekaristi Takatifu huuashiria bado haujapatikana. Kwa Misa ya Dominika, Kanisa Katoliki la Mtakatifu Nikolasi lipo mjini Esbjerg, takribani kilomita 30 kaskazini, na treni huunganisha miji hiyo miwili. Ni vema kuuliza saa za Misa mapema. Maumivu ya kutoshiriki meza moja yageuzwe kuwa sala ya kuomba umoja, wala yasiwe sababu ya kuwahukumu wenyeji.

Mji huu pia unamkumbuka Maren Spliid, mke wa fundi cherehani, aliyechomwa moto tarehe 9 Novemba 1641 kwa tuhuma za uchawi. Leo ipo makumbusho mjini inayoeleza mateso hayo. Jambo hilo lilitokea chini ya utawala wa Kilutheri, lakini nchi za Kikatoliki za enzi hizo nazo zilichoma watu kwa tuhuma kama hizo. Mahali ambapo hadi leo mwanamke mzee huweza kuandamwa kwa sababu ya uvumi wa jirani, habari ya Maren si ya kale tu. Inamdai kila Mkristo asimame upande wa anayesingiziwa.

Bahari na vijiji vya jirani

Karibu na mto kuna nguzo ya mbao yenye alama za mafuriko. Ya juu kabisa ni ya usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Oktoba 1634, maji yalipoingia hadi ndani ya Kanisa Kuu. Bahari iliyo magharibi mwa mji huitwa Vadehavet. Hapo maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku na kuacha matope yenye chakula tele cha ndege. Eneo hilo la Denmark liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2014. Katika majira ya kuchipua na ya vuli, makundi makubwa ya kwezi huruka pamoja jioni hata kutia giza angani.

Kisiwa kidogo cha Mandø hufikiwa kwa njia ya changarawe ambayo hufunikwa na maji kila bahari inapojaa. Magari maalumu yanayovutwa na trekta huvusha wageni kutoka Vester Vedsted. Mgeni asijaribu kuvuka kwa kukisia. Ajue kwanza saa za maji.

Kusini mwa Ribe upo mji wa Løgumkloster, ambako Wasistersiani walianzisha abasia mwaka 1173 na kuiita kwa Kilatini “Mahali pa Mungu”. Kanisa lao la matofali bado linatumika. Kaskazini mashariki, huko Jelling, lipo jiwe ambalo Mfalme Harald “Jino la Buluu” aliliweka katika karne ya 10, lenye sura ya Kristo na maandishi yanayotangaza kwamba aliwafanya Wadenmark kuwa Wakristo. Ni takribani miaka 100 baada ya kifo cha Ansgar.

Hilo ndilo fundisho ambalo katekista, mzazi au padre aliyechoka anaweza kulichukua kutoka Ribe: Mungu hakumwomba Ansgar mavuno, alimwomba uaminifu. Mtakatifu Ansgar, utuombee.